Maisha ya Mwanafunzi wa Pwani katika Bara Hindi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisauni)



Halmashauri imetuagiza tuwaeleze jinsi vijana wetu wanavyoishi wanaposoma katika vyuo vikuu vya Bara Hindi. Sisi tulikwenda watatu, tukakaa mji wa Pune miaka mitatu. Tutasema matamu na machungu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwanza tukumbushane kwamba safari hii si ngeni kwa watu wa Kisauni. Katika karne ya 19, Waafrika waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai. Baadhi yao walisomeshwa na misioni ya C.M.S. huko Sharanpur, karibu na Nasik, wakafunzwa kusoma na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Freretown ilipoanzishwa, mwaka 1874 na 1875, wengi waliletwa huku wakawa walimu na mafundi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa ushemasi mwaka 1885. Basi kengele ya Freretown tuipitayo kila siku iliwaita watu waliosoma ng'ambo kabla yetu. Wao walipelekwa bila kuulizwa. Sisi tuliomba wenyewe.

Katika siku za baadaye, Mugo Gatheru alikwenda Allahabad kusoma mwaka 1949, kabla ya kuendelea Marekani. Mwaka 1950 Serikali ya India iliunda baraza la uhusiano wa utamaduni, ambalo hutoa nafasi za masomo kwa wanafunzi wa kigeni. Wawili katika sisi tulipata nafasi hizo. Mwenzetu wa tatu hakuipata. Yeye alikwenda kwa mchango wa jamaa na majirani.

Tulipofika, ilitupasa kujiandikisha katika ofisi ya wageni kabla ya siku 14 kupita. Kisha tukatafuta nyumba, kwa kuwa bweni lilikuwa limejaa. Tulizunguka siku tatu. Penye kibao cha chumba cha kupangisha tuliambiwa chumba kimekwisha kuchukuliwa, na kesho yake kibao kile kingalipo pale pale. Hatukuhitaji mkalimani. Hatimaye mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alituuliza mambo mawili tu: mtalipa lini, na mtapika nini? Tulipomjibu akatupa ufunguo. Wakati wa masika mmoja wetu aliposhikwa na homa, mke wa mzee huyo alimpikia wali laini uliochanganywa na dengu, akauleta mwenyewe hata mlangoni. Tangu hapo hatuwezi kumwona mgeni anayetafuta chumba Changamwe bila ya kukumbuka kibao kile, na ufunguo ule.

Siku ya mwanafunzi huanza mapema, kwa kuoga maji ya ndoo na kunywa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na tangawizi. Chakula ni chapati, dengu, wali na mboga za majani. Mtu wa Likoni aliyezoea samaki na wali wa nazi hupata taabu miezi ya kwanza, kisha huzoea. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini sokoni na njiani lugha ni Kimarathi. Tulifurahi kusikia maneno tuliyoyajua tangu utotoni, kama duka, gari, pesa na laki. Tangu Juni hata Septemba mvua hunyesha sana, nguo hazikauki, na vitabu huota ukungu. Hata hivyo masomo hayasimami, na yule asiyehudhuria robo tatu ya mafundisho huweza kuzuiliwa asifanye mtihani.

Taabu hizo zote, wazee wetu, kijana huzivumilia. Asiyoiweza ni kusahauliwa na watu wa kwao.

Siku ya kuagana na mwenzetu wa tatu, watu walikunywa chai, wakaomba dua, na ahadi zikaandikwa katika daftari pamoja na majina. Nusu mwaka fedha zilifika. Mwaka wa pili zilipungua, na mwaka wa tatu hazikuja kabisa. Alianza kula mara moja kwa siku, akisema tumbo lake halipendi chakula cha jioni. Ada ya mtihani ilipotakiwa, tuligawana posho yetu tukamlipia mara ya kwanza. Mara ya pili hatukuweza. Alirudi nyumbani bila ya shahada. Watu wakasema alikwenda kucheza. Leo hayumo katika ukumbi huu, na nadhani mnajua sababu.

Nasi twalaumika. Katika kila barua tuliandika kwamba sote hatujambo, kwa kuwa tuliona haya. Laiti tungalisema mapema, pengine daftari lile lingalifunguliwa tena.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, asisafiri kijana yeyote kwa mchango kabla fedha za mwaka mzima hazijakusanywa na kuwekwa benki. Ahadi zisihesabiwe kuwa fedha. La pili, Halmashauri imchague mzee mmoja kwa kila mwanafunzi, amwandikie kila mwezi, naye mwanafunzi ajibu kwa kweli na kuleta matokeo ya mitihani yake. La tatu ni la mwenzetu. Amebakiza mitihani ya mwaka mmoja tu. Twaomba wazee wawili waende nyumbani kwake wiki hii, si kumwuliza alifanya nini, bali kumwuliza anahitaji nini. Sisi wawili tumekwisha kutenga sehemu ya mishahara yetu ya ukarani kwa ajili hiyo, na Mweka Hazina anayo.

Walioletwa kutoka Nasik walipokelewa hapa Kisauni, wakawafundisha watoto wa wenyeji. Aliyerudi kutoka Pune naye apokewe.

Hayo ndiyo tuliyoagizwa kuyasema. Tulipokosa adabu, wazee wetu mtusamehe.