Tulitambue Jani Letu la Malisho

Ndugu wafugaji wa Katandala, tunapopeleka ng'ombe malishoni tunaona nyasi tu. Leo tujifunze kutambua jani moja, Themeda triandra, linaloota kwetu Ufipa na hata Serengeti.

Huota kwa mafungu, na mizizi yake huchipua tena kila mvua bila kupandwa. Likikomaa huwa la kahawia yenye wekundu. Masuke yake huning'inia kwa vichala vya umbo la pembetatu, na mbegu ina mkia mrefu mweusi uliopinda.

Likiwa changa, ng'ombe hulipenda sana. Likikauka huwa gumu na virutubisho hupungua; ndiyo maana maksai wetu hukonda kiangazi, karibu na msimu wa kulima.

Kwa kuwa linapendwa, ndilo huliwa kwanza. Likilishwa mfululizo bila kupumzishwa hupungua, na nyasi zisizo na faida hushika nafasi yake. Kulirudisha ni kazi, maana halisambai haraka.

Basi tulishe kwa zamu, na tukate majani yangali mabichi, tuyakaushe na kuyahifadhi. Jani hili likiisha, nani atakokota plau?