Kwa Nini Tulimwandikia Mama Yule "Hakuna la Kutetea"
(Hotuba iliyosomwa kwa jina la Halmashauri mbele ya mkutano mkuu wa tawi)

Akina mama mliokaa kule nyuma karibu na mlango, twaomba msogee mbele, nafasi iko.

Mwenyekiti ametutaka tuseme juu ya ugonjwa wa akili, kisha tuseme juu ya uchaguzi wa Halmashauri. Mtu mmoja ametuuliza hapo nje kwa nini tumeyapika mambo haya mawili katika sufuria moja. Tutamjibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka jana mchuma chai mmoja, mama wa watoto, alianza kuchelewa kazini. Kilo zake kwenye mizani zikapungua wiki hata wiki. Nyapara akamletea barua ya onyo, kisha ya pili. Akaja kwetu. Sisi wa Halmashauri tulikuwa saba, wote wanaume, na sita kati yetu wa lugha moja ambayo si yake. Tukamkalisha katikati, tukamwuliza kwa Kiswahili ana ugonjwa gani. Akasema moyo wamwenda mbio, kichwa kina moto, na usiku hapati usingizi. Tukataka cheti cha daktari. Hana. Tukamwuliza kama ana jambo jingine la kusema. Akatazama chini. Katibu akaandika katika kitabu cha mikutano: "Hakuna la kutetea." Mwezi uleule akafutwa kazi, akatoka kambini na watoto wake na godoro moja.

Baadaye mke wa mwenzetu akatuambia. Mama yule alikuwa amejifungua mtoto akafa, naye akarudi shambani kabla moyo wake haujatulia. Kwao mwanamke hazungumzi habari za uzazi mbele ya wanaume wasio wa jamaa yake. Wanawake wa kambi nzima walijua. Sisi saba tu ndio hatukujua, na sisi ndio tulioshika kalamu.

Kukata shauri juu ya akili ya mtu usiyemwelewa si jambo jipya katika nchi hii. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu. Tangu 1938 hata 1950 mkuu wake alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ikachapa kijitabu chake juu ya Mau Mau, na dai la ardhi likageuzwa kuwa habari ya akili zilizovurugika. Aliandika pia kwamba ugonjwa wa huzuni ni haba kwa Waafrika. Lakini alitazama nani? Hospitali ile ilipokea hasa wale waliosumbua watu. Aliyelia kimya nyumbani kwake hakuletwa na mtu, wala hakuhesabiwa.

Mnaguna, na ni haki yenu kuguna. Lakini Carothers alikuwa mgeni. Sisi tulikuwa majirani wa mama yule, tukachota maji bomba moja naye, na kitabu chetu kikaandika neno lilelile kwa ufupi.

Sasa sikieni habari ya Zimbabwe, maana huko walifanya kinyume. Mwaka 2005 serikali ya huko ilibomoa nyumba na vibanda vya maskini mijini. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, akataka kuanza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare. Hakuwa na wauguzi wala vyumba. Alichopewa ni nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Wakakaa na wagonjwa nje ya zahanati, kwenye benchi la mbao. Kwanza liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Ni nyanya hao waliomwambia daktari kwamba jina lile lafukuza watu, likaitwa Benchi la Urafiki. Nao hawakumbandika mtu jina la Kizungu la ugonjwa wake. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hapa kwetu mtu husema "nina mawazo", na kila mtu ameelewa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Walipimwa watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za huzuni ile kubwa walikuwa kama 14 katika kila 100 waliokaa benchini, na kama 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida.

Hatusemi nyanya ataponya kila kitu. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayesema atajiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Zamani watu walificha jambo hilo kwa kuogopa polisi, kwa maana kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba.

Na wanaume msidhani twasema habari za wake zenu tu. Yule anayemaliza mshahara kwa chang'aa tangu alipopata ajali ya trekta, nani kati yetu amemwuliza analalaje?

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa ajili ya jinsia, hali ya afya, utamaduni na lugha, yote pahali pamoja. Sheria ya Kazi ya 2007 inampa aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Mama yule alikuwa na haki hiyo. Alikosa mtu wa kumpeleka kwa daktari, na kumpeleka ilikuwa kazi yetu.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta ombi mlipigie kura. Viti vya Halmashauri viwe tisa, na visivyopungua vitatu viwe vya wanawake. Viti vyote visishikwe na watu wa lugha moja. Mwanachama mgonjwa asikilizwe na mtu mmoja au wawili anaowachagua mwenyewe, kwa lugha aitakayo.

Wako wanaosema kiti ni cha mtu awezaye kubishana na mwajiri. Kubishana twajua. Mwaka jana tulibishana siku tatu juu ya buti na makoti ya mvua, tukashinda. Juu ya mama yule hatukubishana hata dakika moja.

Majina yafike kwa katibu kabla ya Jumamosi jioni. Na yeyote ajuaye mama huyo alihamia wapi amwambie katibu leo. Sheria ya Kazi inampa mtu miaka 3 ya kuleta madai yake, na yake haijaisha.