Chai Ambayo Haimo Katika Daftari

Maneno ya katibu wa zamani wa kwaya kwenye chakula cha jioni cha kufungua mwaka wa jubilei. Yamechapishwa humu kwa ombi la kamati.



Nimepewa dakika 15. Mwalimu wa kwaya ameketi pale na saa yake, nami namjua tangu zamani. Huyo akiinua mkono, hata besi hunyamaza.

Nimeombwa nizungumze juu ya watu wa hapa kwetu waliotutendea wema katika miaka hii 50. Nikafanya kile ambacho katibu yeyote angefanya: nikayatoa madaftari kabatini. Ninayo yote isipokuwa moja lililoliwa na mchwa. Humo mna nauli za kwenda mashindano ya dayosisi. Mna ngozi za ngoma na betri za redio. Mna kitambaa cha majoho yetu ya kwanza, yale mekundu yaliyochuja rangi tukaimba Pasaka nzima shingo zetu zikiwa nyekundu. Mna hata shilingi 20 za karanga, ambazo mpaka leo sijui nani alizila. Nimesoma siku tatu. Siku ya tatu ndipo nikagundua kwamba kuna mtu mmoja ambaye simwoni ukurasa wowote.

Mnamjua nyote. Ndiye anayetuletea chai Jumamosi tukiwa mazoezini. Majina sitayataja leo, kwa sababu yatasomwa kamili siku ya Misa ya jubilei, wenyewe wakiwa wamesimama mbele yetu. Lakini jinsi mama huyu alivyoanza, vijana hamjui, na sisi wazee hatupendi kusimulia.

Alikuja kwetu akiwa mjane kijana mwenye watoto watatu. Aliomba kuingia kwaya. Siku hizo tulikuwa wakali. Tulimsimamisha mbele ya watu wote tukamwambia apande ngazi, do, re, mi. Hakufika fa. Mtu fulani akacheka. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu ya kuandika waliofaulu, na jina lake sikuliandika. Wala sikumfuata nje kumwambia pole. Jumamosi iliyofuata tukamwona mlangoni, tukadhani amekuja kulalamika. Kumbe ameshika birika.

Huu ni mwaka wa 28. Nimepiga hesabu, maana ukatibu hauniachi. Tukitoa Jumamosi za sikukuu na zile alizougua, tuseme ni mara 50 kwa mwaka. Hizo ni mara 1,400. Lita tatu za maziwa kila mara ni lita 4,200. Sukari, majani na mandazi sijagusa. Kuni pia sijagusa, na tena alikuwa akizibeba mwenyewe kabla hatujapata jiko la gesi. Katika madaftari yangu hakuna hata shilingi moja ya chai hiyo. Si kwamba niliificha. Ni kwamba tuliizoea. Chai ilikuwa kama mvua, haina risiti.

Na chai si habari yote. Mama huyu alikuwa akiangalia watoto wanavyokula. Mtoto akila mandazi mawili haraka na la tatu akalitia mfukoni, alijua nyumbani kuna mdogo wake. Hakumuuliza kitu. Alifunga mengine katika gazeti, akampa wakati wa kuondoka kana kwamba ni yeye aliyeyasahau. Mmoja wa watoto hao leo ni nesi, amekaa humu ndani, na ndiye aliyenisimulia. Sisi tulikuwa tukimkaripia mtoto huyo kwa kuchelewa mazoezini. Yeye alikuwa anachelewa kwa sababu alisubiri mama yake arudi shambani apate wa kumwachia mtoto.

Sasa mniruhusu nitoke kidogo nje ya ua wa kanisa, ila si mbali. Hapa hapa Kaunti ya Nakuru, upande wa Njoro, kuna shule ya sekondari ya kutwa inayoitwa Keriko. Wengine wetu tumepita karibu nayo mara nyingi tukienda harusi. Bruda Peter Tabichi, Mfransisko, alikuwa akifundisha hesabu na fizikia pale, shule ikiwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kubahatisha, huku asilimia 80 ya mshahara wake akiitoa kusaidia watu. Machi 2019 akaitwa Dubai akapewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, mbele ya kamera za dunia nzima. Hapo ndipo sote tukaanza kumwita mtu wetu. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mbele ya televisheni. Lakini nilijiuliza: ilikuwaje habari za jirani nizipate kutoka Dubai?

Tuzo kubwa ni njema. Ubaya wake ni kwamba huwafikia wachache, na mara nyingine huchelewa. Mnamkumbuka mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 basi la Mandera lilipovamiwa na magaidi, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Yeye alikuwa mmoja wao, akapigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki hospitalini. Taifa lilimtunuku nishani, na ilistahili kabisa. Lakini aliyestahili kuipokea alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nimelitaja hilo kwa sababu nasi tuna deni la namna hiyo.

Wazee mnamkumbuka mzee wetu wa mkokoteni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, nasi tulimweka nyuma kabisa kwenye besi, karibu na mlango. Kazi tuliyomthamini kwayo ilikuwa kubeba ngoma. Mashindano yakiwa mjini, alianza safari alfajiri na ngoma zote kwenye mkokoteni, sisi tukifuata baadaye kwa matatu. Tulimtania sana. Tulisema yeye ndiye sauti ya tano, sauti ya magurudumu.

Basi Januari 2008 ikafika. Sina haja ya kueleza yaliyokuwa yakitokea Nakuru na Bonde la Ufa lote baada ya uchaguzi. Kwaya yetu ilikuwa na watu wa makabila mengi, na kwa wiki kadhaa hatukuimba. Kusema kweli, wengine wetu hatukusalimiana. Tulipokutana tena ilitangazwa tu kwamba wote wako salama, tukaendelea na wimbo tulioachia. Hakuna aliyeuliza imekuwaje wote wako salama.

Mzee alikufa miaka mingi baadaye. Tulimwimbia vizuri sana mazishini, nyimbo tatu, sauti zote nne, na mwalimu alisema hatujawahi kuimba vile. Tulipomaliza, mama mmoja wa alto akaomba nafasi kabla udongo haujatupwa. Akasema kwamba usiku mmoja wa Januari ile alikuwa amejifungua siku mbili tu, na nyumba za majirani zilikuwa zinawaka. Mzee akagonga dirisha. Akamlaza mama na mtoto kwenye mkokoteni, akawafunika kwa gunia na juu akapanga viazi. Akausukuma mkokoteni mpaka hapa kanisani, akipita katikati ya vijana wenye mapanga na kuwajibu maswali yao kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Njiani, mama alisema, alimsikia akiimba polepole besi ya wimbo wetu wa kutolea sadaka, akikosea palepale alipokuwa akikosea kila Jumapili. Kisha akarudi kuchukua familia nyingine. Alirudi mara nne.

Tulisimama pale kaburini na vitabu vyetu mikononi. Miaka yote ile alikuwa amekaa karibu na mlango, nasi tulimtuma ngoma.

Katika Matendo ya Mitume mna habari za Dorkasi wa Yopa, yule mama mshonaji. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nimeipenda sana sehemu hiyo kwa sababu wajane hawakutoa hotuba. Walishika nguo, hii hapa na hii hapa. Ndivyo mtu anavyoheshimiwa, kwa kutaja alichofanya, kitu kwa kitu, wala si kwa kusema tu kwamba alikuwa mtu wa watu. Lakini Dorkasi alikuwa na bahati. Petro alimwita akaamka. Sisi hatuna Petro wa kumwita mzee wa mkokoteni arudi asikie.

Sasa nije kwenye jambo la kamati, na mnisamehe nikisema wazi. Tulipokaa kupanga siku ya jubilei, orodha ya kwanza ya watakaotunukiwa ilifuata kitabu cha michango. Waliotoa 50,000 na zaidi wapewe ngao, waliotoa 20,000 wapewe cheti, na wote wakae meza kuu pamoja na mgeni rasmi. Siwadharau wafadhili wetu. Kinanda kile hakikununuliwa kwa maombi peke yake, na ngao zao watapata. Ila niliinua mkono nikauliza mama wa chai yuko wapi katika orodha. Wakatafuta. Alikuwa ametoa shilingi 500, chini ya orodha, ukurasa wa tatu.

Kulikuwa na maneno siku hiyo. Mwenzangu mmoja alisema tukianza kuwataja wa namna hiyo hatutamaliza, na tutawakosea tutakaowasahau. Ni hoja ya kweli na sikuwa na jibu la haraka. Nilirudi nyumbani nikafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 16, ile ambayo wasomaji wetu huiogopa kwa sababu ya majina magumu. Paulo ameandika mambo mazito kurasa nyingi, kisha mwishoni anakaa chini kusalimia watu mmoja mmoja: Priska na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, Maria aliyejitaabisha, na mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema amekuwa mama kwake pia. Hata Tertio aliyeshika kalamu akapata nafasi ya kutuma salamu zake. Bila shaka wako ambao Paulo aliwasahau. Hakuacha kuwataja wengine kwa sababu hiyo.

Nilirudi kamatini na jambo la pili. Neno hili jubilei tumelichapisha kwenye fulana, kofia na vikombe, lakini katika kitabu cha Walawi mwaka wa 50 ni mwaka ambao shamba hurudishwa kwa mwenyewe. Nikawauliza, sisi tumeshikilia shamba la nani? Kamati ikanyamaza, halafu mwekahazina akasema ameelewa, nitoe majina.

Kwa hiyo imekubaliwa hivi. Watu watano watasimama mbele siku ya Misa. Kuna mama wa chai. Kuna fundi viatu wa pale langoni, ambaye si wa dhehebu letu wala hajawahi kuingia humu ndani, lakini amekuwa akishona viatu vyetu bure kila wiki ya mashindano. Kuna kijana wa tena anayemrekodia kila wimbo mpya yule dada yetu wa soprano aliyepoteza macho, akamtumia kwa simu sehemu kwa sehemu mpaka aushike. Kuna bibi anayefua majoho. Wa tano ni yule mama wa alto, na atapokea kwa niaba ya mzee wa mkokoteni, akiwa pamoja na mtoto aliyekuwa chini ya viazi. Huyo sasa ni kijana mrefu kuliko mimi, na anaimba besi.

Hawatapewa ngao. Kwaya itawalipia wanne walio hai mchango wa SHA wa mwaka mzima, na kila mmoja atasomewa alichofanya, kitu kwa kitu. Nimeandika mimi, na safari hii nimehakikisha.

Jambo moja bado linanisumbua. Nilipomwendea mama wa chai kumpa habari, nilianza kwa kumwomba msamaha wa ile siku ya do, re, mi. Akaniangalia, akasema alidhani nimesahau. Kisha akakataa kukaa mbele, kwa sababu akikaa mbele, watu wote wale watanyweshwa chai na nani? Nimebishana naye wiki mbili. Amekubali kwa sharti moja, kwamba tumwonyeshe kuwa tunajua kupika.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi ijayo chai ya mazoezi ni ya zamu, sauti kwa sauti, naye atakaa kwenye kiti aonje. Zamu ya kwanza ni ya besi. Maziwa ni lita tatu, mje saa nane kamili. Sukari iko kwangu.