Ngeli za Nomino katika Mashine ya Kutunga Michezo: Mfano wa Msamiati wa Machimbo ya Geita na Shinyanga



Mada yangu huenda ikawashangaza baadhi yenu, kwani mihadhara ya Kiswahili haina mazoea ya kuzungumzia michezo ya kompyuta. Hata hivyo, ninakusudia kuonyesha kwamba humo ngeli zetu zimewekwa kwenye mtihani, na kwamba wahandisi hawawezi kuusahihisha mtihani huo peke yao.

Uko mchezo uitwao Luanti, ambao hadi mwaka 2024 ulijulikana kwa jina la Minetest. Ulianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland. Mchezaji huchimba ardhi, huokota madini na kujenga. Mchezo hutolewa bure na programu yake iko wazi, hivyo yeyote anaweza kuutungia nyongeza, ambayo wachezaji huiita modi. Kijana wa Geita anayejua kuandika programu anaweza kutunga modi yenye machimbo ya kwao.

Kutunga modi kuna kazi nyingi za kuchosha. Kwa sababu hiyo zimetengenezwa programu ndogo ambazo huendeshwa kwa kuandika amri tu. Mojawapo, mod_translation_updater, hupitia faili za modi, hukusanya kila sentensi iliyotiwa alama ya kutafsiriwa, huandaa orodha ya mfasiri, kisha husasisha faili la kila lugha bila kupoteza tafsiri za awali. Kazi ya siku nzima humalizika kwa amri moja. Hadi hapo hakuna wa kulalamika.

Tatizo huanza kwenye sentensi zenyewe. Mtunzi wa modi huandika sentensi yenye pengo, na pengo hilo huwekewa alama @1. Mchezo unapoendelea, jina la kitu huingizwa papo hapo. Mfasiri akiandika «@1 imeharibika», tutasoma «karasha imeharibika», «mwalo imeharibika», «kiroba imeharibika». Mashine haikukosea, imetii ilichoandikiwa. Aliyeandika hakujua kwamba katika Kiswahili kitenzi humsubiri nomino ajitambulishe kwanza.

Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa menyu na maelezo yasiyobadilika. Mfasiri aliyaona maneno yote mbele yake. Katika mchezo, sentensi huzaliwa wakati wa kucheza, na hakuna mhariri aliyeiona kabla. Ipo kanuni ya kompyuta inayotenganisha umoja na wingi, lakini hiyo hutazama idadi tu. Haijui ngeli.

Tuchukue mfano. Modi ina nomino 20 na sentensi 10 zenye pengo. Zitazaliwa sentensi 200. Ikiwa nomino 5 tu ni za ngeli ya I-ZI, na mfasiri ametumia upatanisho wa I-ZI pekee, sentensi 150 zitakuwa mbovu. Kosa la mwandishi husomwa mahali pamoja. Kosa la mashine huzaana.

Sasa tuje kwenye msamiati. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, duara si umbo la darasani. Ni shimo la kushukia kwenye mwamba, nalo huimarishwa kwa matimba. Mawe hupandishwa katika viroba, husagwa kwenye karasha, na unga wake huoshwa mwaloni. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Marudio bado yana dhahabu, hivyo huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanidi. Neno hili halina umoja: programu inayokata kiambishi ili ipate «rudio» imetunga neno ambalo mchimbaji hakulisema.

Marudio pia si makinikia. Makinikia ni mchanga uliokwisha kukusanyiwa madini kiwandani, na neno hilo lilienea nchini mwaka 2017, Serikali ilipozuia mchanga huo kusafirishwa nje kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mtunzi akitumia neno moja kwa vyote viwili, mwanafunzi atayachanganya masalio ya kuoshea na shehena iliyozuiwa na Serikali.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kuandika «Kitu kilichoharibika: karasha». Sarufi imesalimika, lakini lugha imegeuka stakabadhi. Mtoto akiizoea, ataamini kwamba Kiswahili cha kompyuta hakina budi kuwa hivyo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila jina la kitu katika modi liandikwe kwenye jedwali lenye safu nne: umoja, wingi kama upo, ngeli, na maana yake machimboni. Programu ya amri isome jedwali hilo na kutoa sentensi kamili kwa kila ngeli: duara limetitia, mwalo umefungwa, kiroba kimepasuka, marudio yameuzwa. Kwa mhandisi, kuongeza safu moja si kazi kubwa. Kuijaza kwa usahihi ndiyo kazi yetu, nayo haifanyiki maktabani tu. Inamtaka mwanafunzi wa isimu aende mwaloni, asikilize, aulize, na aandike hata lile neno ambalo kamusi haijalipokea.

Tusipoijaza sisi, safu hiyo haitabaki tupu. Itajazwa kwa kubahatisha, na amri moja itaeneza bahati hiyo katika kila sentensi.