Kozi Yetu ya Kilimo na Wino Mwekundu



Nimetakiwa nieleze kwa nini makala juu ya kozi ya kilimo ya shule yetu haionekani tena katika Wikipedia. Naanza kwa kukiri. Mimi niliyelima shamba hili miaka minne nilikuwa miongoni mwa waliosema iondolewe.

Najua wapo walioudhika. Ndugu yetu mmoja alinipigia simu usiku akaniuliza kama ofisi za serikali ndizo zilizonifundisha kusahau nilikotoka. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kamusi elezo hiyo ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata 2003. Yeyote aweza kuandika humo, na kwa hiyo yeyote aweza kuuliza kama jambo fulani lina mahali humo. Katika ile ya Kiingereza, ambamo vijana wetu waliiweka makala yao, mjadala wa kufuta huchukua kwa kawaida siku 7. Wenzetu wakadhani ni uchaguzi, wakahamasishana waandike "ibaki". Lakini pale hupimwa hoja, si wingi wa watu. Huulizwa hivi: ni nani, asiyehusika na jambo hili, amepata kuliandika kwa kirefu?

Nikautazama ushahidi wetu. Gazeti letu hili. Ratiba ya mahafali. Barua ya Mkuu wa Shule wa zamani. Vyote vya nyumbani, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Somo la Kilimo kwa jumla ni habari nyingine. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, jembe likapata nafasi shuleni nchi nzima. Ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Wataalamu wameyaandika hayo vitabuni, wengine wakisifu, wengine wakikosoa vikali. Hilo linastahili makala. Sisi tulikuwa shule moja kati ya nyingi.

Hata hivyo, kilichonikata maneno hakikuwa kanuni hiyo. Makala ilisema kozi yetu ilikuwa "ya kwanza nchini". Nani kasema? Nilipowauliza vijana, wakajibu kwamba wazee ndio husema hivyo.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa kilimo, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Wenzangu mnakumbuka kipimo cha mvua nyuma ya zizi. Saa tatu kamili asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwamo, mwanafunzi wa zamu alikisoma na kuandika milimita katika daftari. Ukichelewa, uliandika saa uliyosoma, si saa uliyotakiwa kusoma. Siku moja sikwenda. Nilikaa bwenini nikabuni: milimita 4. Mwalimu akaenda akautazama udongo, akarudi na kalamu. Hakuifuta tarakimu yangu. Aliandika kando yake, kwa wino mwekundu: "Hakusoma." Neno hilo lilikaa daftarini mpaka nikamaliza Kidato cha Nne, na kila aliyeshika zamu alilisoma.

Je, ningemtetea mtu huyo kwa sentensi ambayo yeye mwenyewe angeiandikia "hakusoma"?

Mniwie radhi nikisema pia kwamba lawama ni yetu sisi wakubwa. Tumekutana mara ngapi hapa, tukala pilau, tukacheka, bila hata mmoja wetu kumkaribisha mwanahistoria au mwandishi wa nje aje aone? Vijana waliandika kwa kuwa sisi hatukuandika.

Madaftari ya mvua bado yapo stoo. Nimeyaona asubuhi hii. Moja limeanza kuliwa na mchwa. Ndugu Mkuu wa Shule amekubali kutufungulia baada ya chakula. Naomba vijana wanne wenye mwandiko unaosomeka, na mwenzetu mmoja mwenye simu inayopiga picha safi. Tuanze na lile la mchwa.