Dawa ni ya Bure, Uji Si wa Bure

Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano wa Mwaka



Kazi yetu ni hesabu, si udaktari. Kwa hiyo tutazungumzia afya ya watoto wetu wa shule za msingi kwa upande tunaoujua: kipi kimeshalipiwa, na kipi hakijalipiwa na mtu yeyote.

Tuanze na kilicholipiwa. Serikali, kupitia mpango wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, hupeleka shuleni dawa za kichocho na minyoo ya tumbo bila malipo. Mwaka 2013, ugawaji wa vyandarua kupitia wanafunzi ulianzia kusini kwetu: Mtwara, Lindi na Ruvuma. Shule ni mlango ambao afya hupitia kuingia majumbani mwetu.

Sasa tutazame kisicholipiwa. Dawa ya kichocho hupimwa kwa urefu. Mwalimu humsimamisha mtoto kwenye kipimo: mwenye sentimita 125 hadi 138 hupewa vidonge 2, anayezidi hapo hadi 150 hupewa vidonge 2 na nusu. Inatakiwa imezwe mtoto akiwa ameshakula. Akiimeza na njaa, anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu, hata kutapika. Watoto wawili watatu wakitapika, habari hufika kijijini kabla ya kengele ya kutoka kwamba dawa ile ni mbaya. Safari nyingine mzazi humficha mtoto nyumbani, na dawa ya bure hubaki kwenye boksi. Hasara hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote.

Tupige hesabu. Chukueni shule yenye watoto 400, kila mmoja kikombe cha robo lita ya uji. Hizo ni lita 100. Unga ni kilo 10 hadi 15, sukari kidogo, na kuni. Kwa mwalimu mkuu peke yake huo ni mlima. Kwa chama chetu, baada ya minada ya korosho, ni kichuguu.

Kifungu cha pili ni maji na sabuni. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea nchini, na kinga yake kubwa ilikuwa kunawa mikono na kutochangia taulo. Ndoo yenye koki mlangoni pa kila darasa inatosha kuanzia. Kwetu kuna jambo la ziada: msimu wa kupuliza mikorosho, vumbi la salfa nalo huwasha macho na kubana kifua. Mwalimu asikisie, mtoto apelekwe zahanati.

Cha tatu ni daftari na kabati lenye kufuli. Wapo watoto wenye pumu, kifafa au selimundu, na wapo wanaomeza dawa kila siku ambazo ni siri ya familia. Dawa ishikwe kama fedha: inayoingia iandikwe, inayotoka isainiwe. Iwe na jina la mtoto, kiasi na saa ya kumeza. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa afya, na daftari lisisomwe mbele ya darasa. Mtoto akichekwa kwa sababu ya dawa yake, ataitupa njiani, na hakuna kufuli litakalozuia hilo.

Cha nne ni nauli ya dharura. Mtoto akianguka kifafa au akizidiwa na homa saa nne asubuhi, mwalimu asianze kukopa fedha ya bodaboda au gari la kwenda Mkomaindo au Ndanda.

Wazazi nao wana kifungu chao, nacho hakihitaji hata senti. Mwenye tetekuwanga abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke. Mtoto akipata upele, waliomo nyumbani watibiwe wote siku moja. Akitibiwa peke yake, atauchukua tena kwenye mkeka anaolalia na wenzake, kisha ataurudisha darasani.

Ndugu zetu, tunaomba mchango kwa vifungu hivyo vinne tu: uji wa siku ya dawa, maji na sabuni, daftari na kabati, nauli ya dharura. Aliye Dar es Salaam achague kifungu kimoja, aliye kijijini alete unga au kuni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila shilingi itakatiwa stakabadhi, na mwakani taarifa ya matumizi itasomwa hapa kwanza, kabla hatujawaomba tena. Msipoisikia, msichange.

Mungu awalinde watoto wa Lukuledi.