Mgeni Katika Ngoma ya Wahindi

(Maneno haya yalisemwa Kajiado mbele ya wazee, wenye maduka na vijana, baadhi yao wakiwa wametoka Kitengela.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ngoma za sikukuu ya Wahindi iitwayo Navaratri. Wengi wenu mnakaribishwa Nairobi na watu mnaofanya kazi nao, lakini mnaona haya kwenda, kwa kuwa hamjui kama ni mchezo au ni ibada. Ni yote mawili, na ndiyo sababu yampasa mgeni ajue mambo machache kabla ya kuvuka kizingiti.

Navaratri maana yake ni usiku tisa. Huangukia Septemba au Oktoba, kwa kufuata mwezi mwandamo. Wakati huo Wahindi wa dini ya Kihindu humtukuza Mungu kwa sura ya mama, nao husimulia jinsi mama huyo, Durga, alivyopigana na jitu lenye umbo la nyati hata akalishinda. Watu wa asili ya Gujarat, ambao ni wengi kati ya Wahindu wa Kenya, hucheza garba. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na taa ikiwaka ndani yake. Au huwekwa sanamu ya mama huyo. Wachezaji huzunguka wakipiga makofi, wakiinama na kugeuka. Jina garba latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Basi aliyejua hayo hatakiona kile chungu kuwa pambo tu.

Nilipokwenda mimi, niliketi ukutani kando ya bibi mmoja mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamemkatalia kucheza. Akaniambia kwa Kiswahili safi kwamba amezaliwa Kenya, na mama yake vilevile. Mbele yetu mamia ya watu walizunguka, sketi pana zikimeta kwa vioo vidogo, na watoto wa shule wakiimba Kigujarati. Sikufahamu hata neno moja. Nilikuwa katika nchi yangu, nami ni mgeni.

Wengi wetu twawajua watu hawa kwa meza ya duka tu, na kwa ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, ambayo hufundishwa hata watoto wasiopata kumwona Baniani. Wengine hudhani kila Mhindi ni mjukuu wa mjenzi wa reli. Ni kweli kwamba wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Uhindi kati ya 1896 na 1901, lakini walio wengi walirudi kwao; Wagujarati wengi walikuja kwa biashara zao wenyewe. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii.

Ninyi wa Kajiado mwajua vema kutazamwa ni nini. Mgeni hushuka garini na kamera yake, akawapiga picha morani wanaoruka, asijue kama ni eunoto ya kweli au ni maonyesho ya hoteli. Shirika la UNESCO liliandika mila za rika za Wamaasai, eunoto ikiwamo, mwaka 2018. Garba ya Gujarat ikaandikwa mwaka 2023. Lakini mila zenu ziliandikwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa upesi, na garba haikuandikwa humo. Nilimwuliza yule bibi watoto wamefundishwa na nani. Akashangaa, akasema, “Na sisi. Nani mwingine?” Vijana wa Kitengela, jibu hilo nawaachia.

Sasa adabu zenyewe. Vueni viatu mnapoonyeshwa. Msifike mmekunywa pombe, wala msichukue nyama, wengine wanafunga. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Taa ya sala inapozungushwa, simameni kimya. Mkipewa chakula kilichobarikiwa, kipokeeni kwa mkono wa kulia. Halafu huja ngoma ya fimbo fupi, dandiya, na huko mtavutwa ndani mpende msipende. Shikeni fimbo kwa wepesi, mkagonge fimbo ya mwenzenu, wala si vidole vyake.